Magazini ya Bagula

Louisville, 8 Machi 2015

Wifi yangu mpenzi Béatrice,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Habari ya afya yako? Ule mguu uliokuwa unavimba umepungua? Na baridi ya huko Buffalo, ile tunayoiona kwenye televisheni mpaka nyumba zinafunikwa madirisha, bado inakutesa? Sisi huku Beechmont tuko wazima, Mungu anatulinda. Marcellin amekuwa mrefu, suruali ya Krismasi tayari inamwacha miguu nje. Alliance yuko Columbus na masomo yake. Jumapili anapiga simu, namsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, mimi naendelea na changu yeye na chake, tunaelewana hivyo hivyo.

Utasema, Mama Alliance, mbona unaandika na simu ipo. Bon, simu ni nzuri, lakini kuta za nyumba hii ni kama karatasi. Nikianza kusema jambo la maana, Marcellin anapunguza sauti ya televisheni asikie vizuri. Na wewe kwenye simu ukisikia jambo limekuwa zito unasema “tutaongea,” halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Kwanza nikuchekeshe. Unajua kazi yangu iko Jeffersontown, kwenye jumba kubwa la kuweka mizigo, wanaliita warehouse. Mkubwa wetu wa shifti ni mama mmoja Mbosnia, naye alikimbia vita ya kwao kama sisi tulivyokimbia ya kwetu. Juzi alikuwa anaongea na mtoto wake kwenye simu, na katikati ya maneno yake nikasikia: magacin. Nikasimama na boksi mikononi. Nikamwuliza, mama, umesema magazini? Akasema ndiyo, magacin, ni hapa tulipo, hili jumba. Nikamwambia kwetu magazini ni pahali pa kuuzia, unaingia na pesa unatoka na kitambaa. Akakataa kabisa. Akasema kwenye magacin hakuna anayeuza, humo vitu vinalala. Mzee mmoja wa Kuba aliyekuwa anasukuma mizigo akaingilia, kwao ni almacén, na yeye akawa upande wa Mbosnia. Wakanishinda.

Lakini neno lenyewe lilinikaa kifuani siku nzima. Tangu tutoke Bukavu sikuwahi kulisikia kwa mtu asiye wetu. Niliona rafu za mume wangu Bagula, vitenge vimepangwa kwa rangi, wewe nyuma ya meza na mkasi, yeye mlangoni anawaita wateja kwa majina ya mama zao.

Donc, sasa niseme kilichonikalisha hapa mezani. Kuna mtu, Papa Jules, shemasi wa kanisa letu, mtu wa Uvira, mke wake alifia kambini. Ameniomba. Ameniomba kwa heshima, mbele ya mchungaji. Na mimi, wifi, moyo wangu haukukataa.

Unajua bado niko kwenye nguo nyeusi. Kule Burundi walipomsalia Bagula bila mwili nikavaa nyeusi, familia yake ilikuwa imetawanyika, hakukuwa na mtu wa kuniondolea matanga. Mchungaji anasema mbele ya Mungu niko huru. Najua. Lakini mbele ya watu wa Bagula siko huru, na katika watu wa Bagula umebaki wewe peke yako. Siwezi kuvua nyeusi kwa mkono wangu kama mtu anayevua koti. Nakuomba uje, au uniite nije, unifunge kitenge cha rangi, tusali, tule pamoja. Nikikosa hilo sitaolewa, na nimemwambia hivyo Papa Jules.

Na usihangaike kutafuta kitenge. Najua huko kwenu vitenge vizuri ni shida, na mguu wako hautaki kutembea. Hapa kuna Mkongo mmoja anauza. Nimechagua mwenyewe, cha manjano chenye majani ya kijani, utakikuta ndani ya mzigo huu. Utakuja nacho siku hiyo.

Naomba unijibu upesi, moyo wangu usikae juu juu.

Ni mimi wifi yako,
Nsimire


Buffalo, 26 Aprili 2015

Kwako Mama Alliance,

Salamu katika Bwana. Mguu unaendelea. Theluji ilikuwa imeondoka, juzi ikarudi kama mgeni aliyesahau kofia.

Mzigo ulifika. Asante.

Umeniandikia juu ya neno magazini, na mimi nina langu. Bibi ninayemtunza ni Mpolandi, alikuja na mume wake zamani, baada ya ile vita yao kubwa. Kichwa chake kimechoka. Kila jioni ananiuliza, amerudi kutoka magazyn? Mwanzoni nilifikiri mume wake alikuwa na duka kama sisi, nikampenda kwa hilo. Binti yake akanieleza kwamba kwa Kipolandi magazyn ni ghala, baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la ngano kando ya ziwa. Halafu akachukua gazeti la picha la mama yake, akasema na hili pia ni magazyn. Nikamwuliza, sasa mnajuaje mtu anasema lipi? Akasema, akisema amelikunja akaliweka mfukoni, si ghala.

Huyo mume amekufa tangu zamani. Watoto wa bibi wanataka nimjibu ukweli. Nilimjibu ukweli mara moja tu. Alilia kama mtu aliyeletewa habari dakika ile, na kesho yake akauliza upya. Tangu hapo nasema, bado, bibi, bado yuko magazyn. Anasema haya, tumwekee chakula. Namwekea.

Yale mengine uliyoandika tutayaona wakati wa Bwana. Kazi ni nyingi. Na Jumamosi ninaenda na watu wa kanisa uwanja wa ndege kupokea familia mpya zinazotoka kambini. Tunabeba makoti, maana wengine wanashuka na kandambili. Siwezi kuiacha huduma hiyo.

Salimia watoto.

Béatrice


Louisville, 14 Juni 2015

Wifi yangu Béatrice,

Amani ya Bwana iwe nawe. U mzima? Na bibi yako, bado anamwekea mume chakula? Niliwaambia akina mama wa maombi bila kutaja jina, tukamwombea wote, na tulipomaliza mmoja akauliza: sasa hicho chakula nani anakila? Nami nakuuliza wewe. Niambie.

Neno letu nimelipeleka mbali. Nilimwambia Alliance, naye akamwuliza jirani yake pale karibu na chuo kikuu, kijana Mtanzania anaitwa Mohammed, mtu wa Tanga. Anasomea mambo ya mito na maji, lakini Kiarabu alikinywa tangu chuo cha Kurani kwao alipokuwa mtoto. Alicheka. Alisema hilo neno Wazungu wote wamelikopa kwa Waarabu: makhzan, pahali pa kuweka vitu. Na kila mmoja alipofika nalo nyumbani akalitumia anavyotaka. Waitaliano walikuwa wafanyabiashara, kwao likabaki ghala. Wahispania walilichukua pamoja na kichwa chake cha Kiarabu, ndiyo maana mzee wangu wa Kuba anaanza na al. Wafaransa nao walikuwa na ghala, mbele yake wakaweka meza ya kuuzia, na siku zilivyoenda ile meza ikalishinda ghala, likawa duka. Hilo ndilo lililofika kwetu Bukavu na Wabelgiji. Hata Warusi, ukiwaambia magazini, wanachukua kikapu.

Waingereza ndio walioshangaza. Waliweka humo baruti na risasi. Halafu mtu mmoja wa kwao akatoa gazeti akaliita ghala la habari, likapendwa, na leo wanasema magazine wanafikiria picha za nguo. Lakini risasi hazikutoka humo. Mpaka leo kile kichuma cha bunduki kinachobeba risasi ni magazine. Hapo nikamwambia Alliance basi, inatosha. Hilo tulilijua. Askari walioshuka sokoni Kadutu asubuhi ile walikuwa nazo, na Bagula alitoka nyumbani kwenda kuangalia kama magazini yake imepona. Neno moja, wifi. Na hajarudi.

Kitu kimoja cha Mohammed kilinifariji. Alisema hazina yetu ya Kiswahili, hii tunayoisoma kanisani, ni ndugu wa damu wa magazini. Ndugu aliyebaki nyumbani wakati wengine wanazunguka Ulaya kubadilisha majina.

Bon. Sasa mimi na wewe.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta ndiyo au hapana. Nimekuta theluji. Hukusema neno juu ya Papa Jules, hukusema hata kitenge kama ni kizuri ama kibaya. Kama huyu mtu hakupendezi, sema. Ukitaka kasoro zake nitakupa mwenyewe: anaimba vibaya, anaimba kama mlango wa zamani, na yuko mstari wa mbele wa kwaya kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kumwambia. Akiendesha gari la kanisa hanyamazi. Bugali anakula mpaka sufuria inaona haya. Lakini siku moja nilimkuta anasali peke yake kanisani, akamtaja Bagula kwa jina, akamwombea. Hakujua niko nyuma.

Labda unafikiri nimemsahau ndugu yako. Wifi, mimi nalala upande mmoja wa kitanda mpaka leo. Ila nimechoka kulala na pengo. Sina umri wa kutafuta uzuri, natafuta mtu wa kumwuliza “umefika?” akirudi kazini, na yeye aniulize mimi.

Kama jibu ni hapana, liandike hapana, nitalipokea kwa mikono miwili. Lakini usininyamazie. Kati ya watu wote, wewe usininyamazie. Nakuomba unijibu mapema.

Wako,
Nsimire


Columbus, 20 Septemba 2015

Shangazi mpendwa,

Habari yako? Uko salama na miguu? Samahani, Kiswahili yangu ya kuandika imepinda. Kusikia nasikia yote, lakini mkono haijazoea. Mohammed jirani yangu alitaka kunisahihishia barua hii nikakataa, nataka ifike hivi hivi ilivyotoka kwangu. Ameona tu mstari wa kwanza na ameshika kichwa.

Mama hajui ninakuandikia. Anwani yako niliitoa kwa Marcellin.

Shangazi, Mama alingoja barua yako. Kila siku alikuwa anafungua sanduku ya posta kabla ya kuvua viatu. Mwezi ya saba akamwambia Papa Jules asimngoje tena. Papa Jules ameitikia tu na kichwa. Zamani kwa gari ya kanisa Mama alikuwa anakaa mbele, sasa anakaa nyuma na mabibi. Papa Jules anaendesha na ananyamaza. Marcellin anasema gari ilikuwa bora na kelele.

Ameongeza siku za kazi. Nikipiga simu ananiuliza kama nimekula. Namuuliza na wewe? Anasema Mungu ni mwema. Hiyo si jibu.

Mimi mambo ya kuolewa siingilii, ni ya wakubwa. Nataka kusema yangu. Mimi sikumbuki uso wa Papa. Najua picha, lakini picha ni ya siku moja tu. Ninachokumbuka ni magazini. Nilikuwa nalala chini ya meza yenu juu ya vipande vya kitambaa, naona viatu vya wateja, halafu mkono wako unashuka na andazi. Nakumbuka sauti ya mkasi. Nikimuuliza Mama habari ya Papa analia, kwa hiyo siulizi. Mtu aliyebaki wa kuniambia alikuwa mtu gani ni wewe, alikuwa ndugu yako kabla hajakuwa baba yangu. Na wewe umenyamaza. Basi mimi naona nimepoteza wawili.

Tulikukosea nini, Shangazi? Kama kuna kosa, mimi huku nimekua bila kujua mila, hakuna aliyenifundisha, labda nimeikanyaga bila kuona. Niambie nitaomba msamaha.

Kama hutaki kumwandikia Mama, niandikie mimi. Nakuomba usikawie.

Mtoto wako,
Alliance


Buffalo, 11 Oktoba 2015

Nsimire, mdogo wangu,

Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Mtoto wako ameniandikia. Usimgombeze, Kiswahili chake kimepinda lakini kinafika mahali Kiswahili changu kilichonyooka kimeshindwa kufika.

Umeniomba nisikunyamazie na mimi nimekunyamazia kiangazi chote. Sasa nitasema, nawe nivumilie mpaka mwisho wa ukurasa.

Kitenge cha kuondoa matanga anachagua nani? Wewe unajua, umezaliwa kwetu kule kule. Anachagua dada wa marehemu. Anazunguka sokoni, anarudi mikono mitupu, anaenda tena, anashika hiki anaacha kile, watu wanamwona wanajua anachotafuta, wanampisha. Kutafuta huko ndiko kumuaga ndugu yake. Mjane anakaa, hata rangi haulizi. Wewe ulichagua, ukalipa, ukakunja, ukanitumia kwa posta. Nilipofungua mzigo nilikaa nacho mapajani nikasema, basi, wamemaliza naye bila mimi. Kilichobaki ni mikono yangu tu ya kufunga fundo.

Najua ulinihurumia mguu. Ulitaka kunipunguzia. Siku ile sikuliona hilo, niliona manjano tu. Sitakuficha, nilikasirika mpaka nikakivaa mimi kanisani. Kinanipendeza kuliko ambavyo kingekupendeza wewe, wewe manjano inakufanya mgonjwa.

Lakini hasira ilipoa kabla mwezi wa tano haujaisha. Kilichonizuia baada ya hapo ni kingine, na hiki sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Ile huduma ya uwanja wa ndege. Kanisani wananisifu, Mama Béatrice haachi hata Jumamosi moja. Siendi kwa ajili ya makoti, Nsimire. Nasimama pale wanapotokea abiria, na kila mwanamume mwenye mabega mapana akijitokeza moyo wangu unaruka. Halafu anageuka, ni mtu mwingine. Namvalisha koti. Nawauliza wote, mmetoka kambi gani, mmewahi kukutana na mtu wa Bukavu aliyeuza vitenge Kadutu, mrefu, ana kovu juu ya nyusi? Wanasema hapana, mama. Wengine wananihurumia wanasema labda. Hao wa labda ndio wananiua.

Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna. Nikikufunga kitenge cha rangi nitakuwa nimesema mimi, kwa mikono yangu, kwamba amekufa. Na nikishasema mimi, hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kusema bado.

Uliuliza chakula cha mume wa bibi kinaliwa na nani. Ninakila mimi. Nangoja asinzie, nakila nimesimama, kimepoa. Na kila nikimwambia “bado yuko magazyn” najua vizuri ninamjibu nani.

Nilifikiri sana juu ya hayo maneno ya yule kijana wa Tanga. Pahali pa kuweka. Mbosnia wako alisema humo vitu vinalala. Lakini kumbuka Bagula, kitu kilichomkera ni kitambaa kulala. Kitenge kikikaa rafuni muda mrefu alikuwa anakata vipande anagawia wanawake waliojifungua, na mimi naguna, naye anasema dada, hapa si makaburi, hapa ni magazini. Wewe umefanya kazi ya magazini ya kwetu, umefungua mlango. Mimi nimemfanyia ndugu yangu ile ya Kipolandi. Nimemlaza nikawa mlinzi wake.

Sijui kama nitaweza. Nakuambia ukweli, sijui. Lakini hatujawahi hata kulia pamoja, mimi na wewe. Walipomsalia, wewe ulikuwa kambi moja na mimi nyingine. Njoo Columbus kwa Alliance, kwenye ile Alhamisi ya sikukuu yao ya bata mzinga, mwezi wa kumi na moja, wote tutakuwa na nafasi. Ni katikati, hakuna atakayesema amemfuata mwenzake. Nitatafuta kitenge mwenyewe, hata nikitembea Buffalo nzima kwa mguu huu. Usiniulize rangi. Nikishindwa kukifunga, tutakuwa tumelia, na hilo ni deni la kwanza.

Andika upesi kama unakubali.

Dada yako,
Béatrice


Louisville, 13 Desemba 2015

Béatrice wangu,

Nakusalimu tena kwa jina la Bwana. Ulifika salama? Marcellin aliona kwenye habari kwamba mvua iliifuata barabara yenu. Mguu haukuvimba kwenye basi? Mimi nilifika mzima, macho tu yalikuwa yamevimba mpaka mkubwa wangu Mbosnia akanipeleka pembeni akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia, mume wangu. Akauliza, lini? Nikamwambia, Alhamisi. Alinishika mikono yote miwili tukasimama hivyo katikati ya maboksi. Nafikiri na yeye anaye wake.

Nacheka peke yangu nikikumbuka ngazi za kwa Alliance. Sisi wawili tumekaa juu ya masanduku ya safari, hata mlango hatujaufikia, tunalia kwa sauti ya kwetu, na wanafunzi wanafungua milango mmoja mmoja. Yule Mohammed maskini na jagi lake la maji, hajui ampe nani kwanza. Nilimsikia anamwuliza Alliance, msiba umetokea leo? Na mtoto akamjibu kwa Kiswahili, wifi, bila kupinda: “Umetokea nikiwa mdogo. Leo ndiyo wamefika.”

Na yale uliyomsimulia juu ya baba yake mpaka kukapambazuka, ameyaandika yote, ameniambia. Ananisomea kwenye simu. Mengine sikuyajua hata mimi. Hukuwahi kuniambia kwamba alikuwa anaogopa kuku.

Kitenge chako ni cha buluu. Sikukuuliza rangi na sikuangalia mpaka ulipomaliza. Nilisikia tu mikono yako kiunoni kwangu, fundo likafunguka, ukaanza upya, likafunguka tena. Nilitaka kukusaidia. Mungu alinizuia mikono. Nashukuru hukuniruhusu hata kulikaza.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza kituo cha basi. Ulinishika shavu ukasema, “Nimekufungua, si wifi yangu tena. Sasa nitakuita nani?” Na mimi nikasimama kama mti, basi likaondoka nalo. Nimelifikiria njia yote mpaka Louisville, na wiki hizi zote.

Nilienda kanisani na buluu yangu. Papa Jules alikuwa mbele anaimba, akaniona naingia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza katikati ya wimbo. Kwaya ikapata nafuu. Baada ya ibada alifungua tu mlango wa mbele wa gari la kanisa akangoja. Nikapanda. Mabibi wa nyuma walikohoa wote.

Njiani akasema anataka kufanya mambo kwa utaratibu, kutuma watu wa kuniomba. Akaniuliza atume kwa nani. Unajua kaka zangu hawakutoka Bukavu, wazazi Mungu aliwachukua. Nikamwambia, utatuma Buffalo. Akasimamisha gari kabisa. Akasema, lakini Mama Béatrice ni upande wa marehemu, mimi nitaombaje mke kwa dada wa mume? Nikamwambia, kazi ya upande wa marehemu ameimaliza Columbus. Sasa ni dada yangu mkubwa, na kama hataki kwenda kwa dada yangu mkubwa, aniteremshe hapo hapo tulipo. Alifikiri. Akawasha gari, akaanza kuimba.

Watakuja watatu: yeye, mchungaji, na mama mmoja wa kwaya anayejua kuongea. Wameniomba niulize siku. Mimi nimewaambia isiwe Jumamosi, kwa sababu Jumamosi dada yangu ana kazi yake uwanja wa ndege na sitaki mtu amwambie aiache. Endelea kwenda, Béatrice. Mimi nimevaa rangi, lakini wewe ukisimama pale kuangalia wanaotokea, mimi sitasema umekosea.

Nakuomba mambo machache. Usiwachekee. Usiwape jibu siku ya kwanza, waache walale waamke wakiwa hawajui. Mwulize Papa Jules maswali magumu, mwulize kwa nini anataka mtoto wa kwenu, na akianza maneno mengi mkate katikati, amezoea kutokatwa. Mpikie bugali nyingi umwone. Na kama baada ya yote hayo hakukupendeza, mrudishe, nitaelewa, maana ni wewe uliyeulizwa.

Waambie waje siku gani? Naomba unijibu upesi, wananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe.

Mdogo wako,
Nsimire